Kwa Nini Kiungo cha Kebo ya Ardhini Huungua

Kebo ya umeme iliyofukiwa ardhini mara nyingi huharibikia pale vipande viwili vilipounganishwa, kwa kuwa kebo yenyewe ilipimwa kiwandani, ilhali kiungo hutengenezwa kwa mkono, mtaroni, penye vumbi na unyevu. Mkondo ukipita mahali palipobanwa vibaya hukutana na ukinzani, na ukinzani huzaa joto. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto huongezeka mara nne. Ndiyo maana kiungo kilichotulia mchana huchemka jioni, stima inapotumika kila nyumba. Kebo nyingi za kisasa zenye kihami cha XLPE, yaani gamba la plastiki linalozuia umeme usitoke kwenye waya, huvumilia nyuzi 90 za Selsiasi kwenye waya. Joto likizidi hapo kwa muda mrefu, kihami huzeeka upesi hadi kikatoboka.

Alumini ikikutana na hewa hufanya utando wa oksidi usiopitisha umeme. Fundi hana budi kuusugua kwa brashi ya waya, kupaka grisi maalumu papo hapo, kisha kubana kibomba cha kuunganishia kwa mashine ya haidroliki yenye kinywa kinacholingana na ukubwa wake. Nimewahi kupasua kiungo kilichoungua nikakuta nyuzi za waya za upande mmoja hazina hata alama ya kubanwa. Kwa nje kibomba kilionekana kimekaza kabisa. Kosa la namna hiyo likishafukiwa haligunduliki kwa urahisi, kwa maana kamera ya joto haioni ndani ya udongo.

Hapa Kisumu, hasa kuelekea tambarare za Kano, tuna jambo jingine la kuangalia. Udongo wetu mweusi hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua. Nyufa huacha hewa kando ya kebo, joto likakosa pa kutokea, na ardhi inapovimba huivuta kebo hata kiungo kikalegea. Kwa hiyo kiungo kizungushiwe mchanga laini ulioshindiliwa vizuri, kisifukiwe kwa madongoa yaliyotoka mtaroni, na kebo iachwe na ulegevu kidogo pande zote mbili.

Nanyi wananchi, tafadhali msichome taka juu ya njia ya kebo. Mkichimba mkakuta utepe wa tahadhari, simameni hapo hapo. Mkiona ardhi inafuka moshi, au mkisikia harufu ya plastiki inayoungua, kaeni mbali, wazuieni watoto, kisha mpigie kampuni ya umeme simu na kutaja namba ya transfoma iliyo karibu.