Tuna timu au hatuna? Namna ya kuisoma dabi ya ufunguzi

Kila msimu ukifunguliwa na Simba na Yanga, hapa Mtwara naulizwa swali lile lile, kuanzia Soko Kuu hadi Mikindani: "Mwalimu, tuna timu au hatuna?" Aliyeshinda anauliza ili nimthibitishie. Aliyefungwa anauliza kwa sauti ya chini, anataka nimwachie tumaini. Mimi nafundisha vijana mpira, na mechi kubwa nazitazama nikiwa na daftari mkononi. Swali hili nalipenda, maana nyuma yake kuna jingine zito zaidi: dakika tisini za kwanza za msimu zinaweza kukuambia nini kuhusu timu yako, na nini haziwezi?

Tuanze na matokeo, kwa kuwa ndiyo yanayotutoa kwenye vibanda umiza tukiimba na bodaboda zikipiga honi mji mzima.

Agosti 2023 Simba walibeba Ngao ya Jamii, kombe la kufungulia msimu, pale Mkwakwani, Tanga. Nusu fainali na Singida Fountain Gate ilikwisha 0-0, wakavuka kwa penalti. Fainali na Yanga ikawa 0-0 tena, wakashinda penalti 3-1, na kipa Ally Salim akageuka shujaa wa Msimbazi, yaani wa Simba, kwa usiku mmoja. Alistahili kila sifa. Lakini fungua daftari utazame: mechi mbili, kombe moja, bao la mchezo hakuna hata moja. Ligi wakaianza vizuri, hawakupoteza mechi, hadi Novemba 5 walipokutana na Yanga kwa mara ya pili. Mapumziko ubao ulisoma 1-1. Filimbi ya mwisho ilipolia ulisoma 5-1 kwa Yanga. Siku mbili baadaye kocha Robertinho hakuwa na kazi.

Septemba 16, 2025 ikawa zamu ya Jangwani, kwa Yanga. Yanga 1, Simba 0, bao la Pacome Zouzoua, na kocha Romain Folz ana Ngao mkononi. Mwisho wa mwezi huohuo timu ikatoka 0-0 na Mbeya City. Oktoba 18 ikafungwa 1-0 na Silver Strikers kule Malawi, na siku hiyohiyo Folz akaachishwa kazi. Kutoka Ngao hadi mlangoni hazikutimia hata wiki tano.

Makocha wawili, kila mmoja kampiga mtani mwanzoni mwa msimu, na hakuna aliyeufikia mwaka mpya.

Sasa geuza upande. Agosti 8, 2024 Simba walifungwa 1-0 na Yanga, bao la Maxi Nzengeli. Kocha Fadlu Davids alikuwa mgeni na kikosi kilikuwa na sura mpya nyingi. Watu wa Simba walilala na huzuni usiku ule, ila timu hiyohiyo Mei 2025 ilikuwa ikicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane. Na sisi huku Kusini tunayo mifano yetu. Namungo walipigwa 2-0 na Simba kwenye Ngao ya 2020 kule Arusha, kisha msimu uleule, mara yao ya kwanza kucheza michuano ya Afrika, wakafika hatua ya makundi ya Shirikisho. Ndanda wetu wa Mtwara nao, 2014, walifungua msimu wao wa kwanza Ligi Kuu kwa kuichapa Stand United 4-1 ugenini Shinyanga. Mtwara tuliamini tumefika. Msimu ukaishia kwenye vita ya kutoshuka daraja.

Nikisema haya kuna anayenijibu, "Basi Ngao haina maana yoyote, kaka." Hapo simuungi mkono. Agosti 2022 Yanga waliifunga Simba 2-1, na ushindi ule ulikuwa na kitu ndani yake. Simba walitangulia kwa bao la Pape Sakho. Kipindi cha pili Yanga wakarudi, Fiston Mayele akafunga mawili, yote katika mchezo wa kawaida. Kilichonivutia ni kwamba timu ilikuwa nyuma na haikuanza kubutua. Iliendelea kumtafuta mshambuliaji wake katika maeneo anayoyapenda, katikati ya mabeki wa kati, hadi ikampata. Msimu huo Yanga wakachukua ubingwa, wakachukua Kombe la Shirikisho la TFF, wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger, na Mayele akamaliza ligi na mabao 17. Aliyeitazama ile dabi kwa makini alikuwa ameshaona njia ambayo mabao hayo yangepitia.

Hapo ndipo kazi yangu inapoanza. Bao linahesabiwa moja liwe limeingiaje, lakini mchambuzi anataka kujua kama njia iliyolileta inaweza kutumika tena Jumamosi ijayo.

Chukua penalti. Kwa wastani, penalti tatu katika kila nne huingia. Shuti la kutoka nje ya kumi na nane, yaani nje ya eneo la penalti, mabeki wakiwa wamesimama mbele, huingia mara chache mno, hata kama ukumbi mzima uliruka juu. Ndiyo maana wachambuzi siku hizi hutoa thamani kwa kila shuti kulingana na mashuti mengine ya aina hiyo yaliyokwisha kupigwa, wakaita mabao tarajiwa. Huhitaji kompyuta kupata faida yake. Chora goli na kumi na nane kwenye karatasi. Kila timu yako inapopiga shuti weka alama mahali lilipotokea, na pembeni andika mpira ulifikaje pale: majalo (krosi za kutoka pembeni), mpira wa kutenga, mpira ulionyang'anywa, au pasi za kujenga kutoka nyuma. Mechi ikiisha, karatasi itakuonyesha mambo ambayo kelele za ushindi zinayafunika. Timu iliyoshinda 1-0 ikiwa na alama moja tu karibu na goli, na nyingine zote mbali, imeshinda dabi, heko kwao, lakini mtambo wa mabao bado haujawaka.

Jambo ninalotaka mashabiki wa huku walielewe kuliko yote ni hili: dabi ni mtihani wa aina moja, ligi ni mtihani wa aina nyingine kabisa. Simba na Yanga wakikutana, kila mmoja anaona aibu kujifungia nyuma. Mabeki wa pembeni wanapanda, viungo wanakabia juu, mstari wa mabeki unasogea karibu na katikati. Ukinyang'anya mpira pale kati una mita arobaini za wazi mbele yako. Winga mwenye kasi anang'ara siku hiyo, na kesho yake ndiye jina linalotajwa kila kijiwe.

Sasa mlete winga huyo Ruangwa, uwanja wa Majaliwa, jua la saa kumi, Namungo wamekaa na mistari miwili ya wanne imebanana mbele ya kumi na nane yao. Mita arobaini hazipo. Beki wa pembeni hapandi, kiungo mkabaji hatoki mbele ya mabeki wake, na kila mpira unaopotea unaleta shambulizi la kushtukiza. Hapa kasi haikusaidii sana. Unahitaji mpira uhamishwe upande hadi upande kwa haraka kabla mistari haijahama, unahitaji mtu wa kuchomoka katikati ya beki wa pembeni na beki wa kati, unahitaji majalo ya kutoka mwisho wa uwanja badala ya yale ya kurushwa kutoka mbali, na unahitaji mtu aliyesimama kungoja mpira wa pili, ule unaorudi baada ya kuokolewa. Hayo hayaonekani kwenye dabi kwa sababu dabi haiyaulizi. Ile 0-0 ya Yanga na Mbeya City, wiki mbili tu baada ya kumfunga Simba, haikunishangaza.

Hapa Mtwara, kwenye uwanja wetu wa Nangwanda, tuliwahi kuyaona haya kwa macho yetu. Simba ya 2018 ilifungua msimu kwa kuchukua Ngao mbele ya Mtibwa Sugar, 2-1 kule Mwanza. Mwezi uliofuata ikaja Mtwara na Ndanda wakaibana 0-0. Ile ilikuwa Simba ya Okwi, Bocco, Kagere na Chama, timu iliyochukua ubingwa na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kwa hiyo sare ya Nangwanda haikuwa na maana kwamba timu ni mbovu, kama ambavyo Ngao peke yake haikuwa na maana kwamba imekamilika. Kila mechi ilifungua ukurasa wake, na aliyesoma zote mbili alikuwa na picha iliyo karibu na ukweli.

Tatizo la kuisoma dabi kupitia runinga ni kwamba kamera inaufuata mpira. Unamwona mwenye mpira na watu watano waliomzunguka, basi. Mstari wa mabeki wa timu yako huuoni, na mara nyingi ndiko ugonjwa uliko. Nawaambia vijana wangu watumie nafasi hii: kipa anapopiga mpira wa goli, picha hupanuka. Kwa sekunde hizo acha kuutazama mpira. Tazama umbali kati ya mabeki wako wa kati na viungo wako. Wakiwa wameshikana mwanzo wa mechi, lakini dakika ya sitini kuna shamba zima katikati yao, ujue ama miguu imechoka, ama mabeki wanaogopa kasi ya mpinzani wanarudi nyuma huku viungo wanataka kwenda mbele. La kwanza ni la kawaida mwanzoni mwa msimu, maandalizi bado yako miguuni, litapungua kadiri mechi zinavyoongezeka. La pili halitaondoka lenyewe. Ni la kocha kulitibu.

Dakika ishirini za mwisho nazo zinastahili jicho la peke yake. Timu inayoongoza 1-0 katika dabi karibu mara zote hurudi nyuma, na shabiki husema "tumezidiwa" au "tumeua mechi" kulingana na moyo wake ulivyo. Kuna namna ya kutofautisha. Tazama pasi ya kwanza baada ya kuunyakua mpira. Ikimfikia mwenzao, wakazungusha pasi kadhaa na kupumua, wamechagua kukaa pale. Mpira ukibutuliwa kisha ukarudi papo hapo, ukabutuliwa tena ukarudi tena, hawakuchagua chochote, wanaombea filimbi. Timu ya kwanza itakulindia bao ugenini Algiers au Cairo. Ya pili itakuumiza Desemba.

Kuhusu wachezaji wapya nitakuwa mfupi: tafadhali wapeni muda. Jean Charles Ahoua alikuwa miongoni mwa wageni wa Simba ile iliyofungwa Agosti 2024, na msimu ulipoisha ndiye aliyekuwa mfungaji bora wa ligi, mabao 16. Kiungo aliyetoka ligi nyingine hajui bado winga wake anapenda mpira mguuni au nafasini, hajui beki wake akibanwa hukimbilia upande gani. Hayo hujengwa mazoezini kwa wiki nyingi. Kinachoweza kusomeka mapema kwa mgeni ni vitu vidogo: anageuza kichwa kutazama nyuma kabla mpira haujamfikia? Akipoteza mpira anakimbia kuurudisha au anainua mikono kwa mwamuzi? Mtu mwenye tabia hizo mbili mimi huwa na subira naye, hata akikosa goli la wazi.

Basi ukinisimamisha kesho sokoni ukiwa na jezi yako, ya kijani au nyekundu, ukaniuliza kama tuna timu, nitakuuliza kwanza: bao lenu lilitoka wapi, na mlikuwa mnafanya nini dakika kumi kabla halijaingia? Ukinijibu kwamba mlinyang'anya mpira juu mara tatu kabla ya hapo na mara mbili mkakosa, hapo tukae tuzungumze, kuna kitu kinajengwa. Ukinijibu kwamba lilikuwa shuti moja zuri na baada ya hapo kipa wenu ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa mechi, nitakupa mkono wa pongezi kwa sababu kumfunga mtani ni raha ya kweli, kisha nitakuomba usubiri mechi ya kwanza ya ligi ambayo mpinzani atajifungia nyuma. Njoo na karatasi yako siku hiyo. Uhesabu mara ngapi mpira unaingia katikati ya beki wao wa pembeni na beki wao wa kati kabla ya mapumziko.