Radi haiui ng'ombe kwa Kiingereza

Juzi hapa Moshi masika ilitukuta darasani, bati linapigwa mpaka hatusikiani, nikaona basi somo la Kiingereza limejileta lenyewe. Wanafunzi wangu wengi ni wagumu, yaani wabeba mizigo wa Kilimanjaro, wanaosaka leseni ya kuongoza wageni mlimani, nikamuuliza mmoja mgeni akitaka kujua hali ya hewa utamwambiaje, akajibu "big rain and sharp wind". Kageuza mvua kubwa na upepo mkali neno kwa neno. Ataeleweka ndio, ila Kiingereza maneno yana ndoa zake jamani, mvua kaolewa na "heavy" na upepo na "strong", hakuna kwanini, unakariri tu.

Balaa lenyewe liko kwenye radi. Sisi tunasema radi imepiga ng'ombe, mtu anaandika "thunder killed the cow". Sasa "thunder" ni ule mngurumo, sauti tupu, itauaje? Kinachopiga ni "lightning" na kitenzi chake ni "strike", kwahiyo "the cow was struck by lightning". Thunder ikiwa mbali "it rumbles", ikipasuka juu ya paa ni "a clap of thunder", clap hiyohiyo ya makofi. Na usiandike "lightening", hiyo ni kupunguza uzito au kung'arisha rangi, nimeshaisahihisha mpaka kalamu nyekundu imeisha.

Ninayoipenda ni "a storm is brewing". Brew ni kupika pombe, na Mchaga humfundishi hapo, mbege haiivi saa moja, ndizi zichemke, zikae zichache, ulezi uingie, ndo hivyo mawingu yanavyojikusanya taratibu, na ugomvi wa kikao cha ukoo pia unabrew. Halafu dhoruba ikianza kupiga "it breaks", ikichoka "it dies down".

Kelele kubwa kwa kitu kidogo, Mwingereza anasema "a storm in a teacup", Mmarekani "a tempest in a teapot", kikombe na birika, chai ileile. Ila "the eye of the storm" wengi wanaitumia kumaanisha pale penye vurugu zaidi, wakati jicho la kimbunga ndo pametulia, mimi huwa inanikera.

Tukiwa hapo mgumu mmoja akanyoosha mkono, "Ticha, na hii inayolowesha daftari langu inaitwaje?" Nikatazama juu. "The roof is leaking," nikamwambia, tukasogeza madawati.