Picha za kuchonga za wakuu wa Kanisa: uso, ngao na cheo

Picha ya kuchonga ni sura ya mtu iliyochorwa kwa ncha ya chuma juu ya bamba la shaba. Fundi huchimba mistari, maandishi akiyachonga kinyume, hujaza wino mifereji hiyo, hufuta uso wa bamba, kisha hulipitisha kwenye mashine ya kukandamiza pamoja na karatasi. Bamba moja hutoa mamia ya nakala. Ndiyo maana maaskofu na makadinali wa Ulaya waliipenda: picha ya rangi ilibaki ukutani kwa mwenyewe, ila karatasi ilisafiri.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa mwaka 1519. Albrecht Dürer, mchoraji wa Nuremberg, Ujerumani, alimchonga Kadinali Albrecht wa Brandenburg, Askofu Mkuu wa Mainz na wa Magdeburg kwa pamoja. Dürer alimpelekea nakala 200 na bamba lenyewe, akalipwa sarafu 200 za dhahabu na kitambaa cha damaski cha kushona joho. Hapo kwenye bamba ndipo penye uzito. Aliyelishika ndiye aliyeamua nakala ngapi zichapwe na nani apewe.

Itazame picha yenyewe. Uso ni mnene, wa kijana wa miaka 29, na Dürer hakuurembesha. Utukufu umewekwa kando yake: ngao ya ukoo, kofia ya kikadinali yenye vishada, na juu mlolongo wa vyeo kwa Kilatini, kikiwemo cha mmoja wa wakuu saba waliomchagua mfalme wa Wajerumani. Chini imeandikwa kwamba hivi ndivyo yalivyokuwa macho yake, mashavu yake na kinywa chake. Kwa maoni yangu, maandishi hayo yana nguvu kuliko sura. Yafute, na anayebaki ni kijana mnene tu.

Kadinali huyu ndiye ambaye Martin Luther, mtawa aliyeanzisha Uprotestanti, alimwandikia mwaka 1517 kulalamikia biashara ya rehema, yaani kuuza vyeti vya kusamehewa adhabu za dhambi. Mwaka 1520 mchoraji Lucas Cranach alichonga picha ya Kadinali kwa kuifuata ile ya Dürer, na mwaka huohuo akamchonga Luther pia. Luther yumo ndani ya kanzu ya mtawa, kichwa kimenyolewa utosini, bila ngao ya ukoo wala orodha ya vyeo.