Fimbo Isikuponyoke: Kushika Gripu Mvua Inaponyesha

Masika yakianza, swali ninaloulizwa sana na wacheza gofu karakanani ni glavu ipi inafaa kununuliwa. Jibu langu huwaudhi wengi: kabla ya glavu, nionyeshe gripu zako, yaani vishikio vya raba vya fimbo zako.

Nazitazama pale kidole gumba cha mkono wa chini kinapolalia. Kama raba inang'aa kama imepakwa vanishi, kazi ipo. Jasho, mafuta ya ngozi na losheni ya jua vimejaza mistari yote iliyochongwa kwenye raba, na ukucha ukiubonyeza hapo haudidimii hata kidogo. Gripu ya namna hiyo hukuvumilia Januari, jua likiwaka. Aprili, rasharasha ya Limuru ikianza kushuka, inateleza kama sabuni.

Mara nyingi dawa yake haizidi maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi laini. Kabla hujaanza, ziba kwa tii, kile kijiti cha kuwekea mpira, kitundu kilicho kwenye kitako cha gripu, maana maji yakipitia hapo yanaingia ndani ya fimbo na kuozesha chuma. Sugua kwa mzunguko, suuza, futa, kisha acha zikauke kivulini. Zikibaki ngumu na zinang'aa bado, raba imezeeka, badilisha. Anayecheza kila wiki nitambadilishia mara moja kwa mwaka, na anayecheza Kericho, ambako mvua ya alasiri haiombi ruhusa, nitamshauri aweke zenye uzi: nyuzi za pamba zimekandamizwa ndani ya raba, zinanyonya maji na kuacha uso wenye mikwaruzo. Zinachubua kiganja kisicho na glavu, ndiyo maana kuna zenye uzi nusu ya juu tu, pale mkono wenye glavu unaposhika, na raba laini nusu ya chini. Binafsi hizo za nusu ndizo ninazozipenda.

Sasa mikono yenyewe. Kichwa cha draiva, fimbo ya kupigia mbali zaidi, kina uzani wa takriban gramu 200. Kikifika kwenye mpira kwa kasi ya kilomita 145 kwa saa, kasi ya kawaida kabisa kwa mchezaji wa wikendi, kinavuta mikono kwa nguvu inayozidi kilo 20. Ni kama kubeba mtungi wa maji wa lita 20. Na hakuna anayebeba mtungi kwa kiganja. Mpini wa mtungi unaning'inia kwenye vidole vilivyokunjwa, na mtu anatembea nao hadi nyumbani akipiga gumzo. Gripu nayo ikae hivyo hivyo, kwenye shina la vidole, na vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa juu ndivyo viwe kufuli. Ikilala katikati ya kiganja, maji kidogo tu yanatosha kuifanya izunguke, nawe utaanza kuikamua.

Kukamua ndiko kunakoharibu mchezo. Misuli ya kigasha ikikaza, kifundo hakikunjiki, kasi inapungua, na uso wa fimbo unachelewa kufika sawa kwenye mpira. Nakubali kukaza zaidi kidogo kuliko siku ya jua, mradi ukaze tangu unaposimama na usiongeze katikati ya swingi, yaani fimbo ikiwa inazunguka.

Adui hasa ni utando mwembamba wa maji kati ya ngozi na raba. Kwa hiyo kedi (mbeba begi la fimbo) mwenye akili hubeba taulo mbili na hazichanganyi: moja ya kufutia vichwa vya fimbo na mipira, nyingine ya gripu peke yake, ambayo huning'inizwa ndani ya mwavuli kwenye zile mbavu zake. Taulo iliyofungwa nje ya begi, baada ya kucheza mashimo mawili, inapaka maji tu. Begi nalo linasahauliwa. Fimbo husimama kichwa juu, kwa hiyo kila tone linalotiririka kwenye chuma linaishia chini, na gripu zote zinakaa kwenye dimbwi hilo. Funika begi kwa kofia yake ya mvua, na usitoe fimbo hadi umeshaamua unapiga ipi.

Glavu ya ngozi ikilowa imekwisha kwa siku hiyo. Weka kadhaa kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, na ile iliyolowa inyooshe, ianike kivulini. Juani au kwenye dashibodi ya gari inakakamaa. Glavu za mvua ni habari nyingine. Ni za kitambaa, huvaliwa jozi, na hushika vizuri zaidi zikiwa zimelowa, kiasi kwamba wengine huzilowesha makusudi pale pa kuanzia shimo la kwanza. Mvua ikikatika na mikono ikikauka, zivue, zitakuzibia hisia kwenye grini, ile nyasi fupi inayozunguka shimo. Unga wa kukausha mikono na utomvu wa kunatisha, sheria ya gofu namba 4.3 inaviruhusu, ila kwenye mvua halisi unga unageuka uji.

Maji pia hushuka kutoka kwenye mikono ya koti. Kwenye Kombe la Ryder la 2010, mashindano ya Marekani na Ulaya, huko Celtic Manor, Wales, makoti ya mvua ya timu ya Marekani yalivuja siku ya kwanza, wakalazimika kununuliwa mengine kwenye hema la bidhaa la mashabiki. Jaribu koti lako bafuni kabla ya mashindano.

Kwenye kupiga, chukua fimbo ndefu kwa hatua moja kuliko ile ya kawaida, shika chini kidogo, zungusha robo tatu. Na mpira uliopigwa kwa weji, fimbo fupi ya kuinua mpira, kutoka kwenye nyasi zilizolowa usiutegemee kusimama: maji yakikaa kati ya uso wa fimbo na mpira, mpira unaruka juu zaidi, hauzunguki sana, na ukitua unaendelea na safari.

Kedi akikushikia mwavuli, aondoke kabla hujapiga, hata kama ni pati (mpigo wa kuviringisha mpira shimoni) ya sentimita 20. Akibaki amesimama ili akukinge mvua, ni adhabu ya mipigo miwili kwenye mchezo wa kuhesabu mipigo. Ukiushika mwenyewe kwa mkono mmoja na kupati kwa mwingine, hakuna kosa. Radi ikinguruma, sheria namba 5.7 inakuruhusu kusimamisha mchezo bila kungoja king'ora. Usingoje.

Ukifika nyumbani, usiliache begi kwenye buti ya gari hadi Jumamosi ijayo. Toa fimbo zote usiku huo huo, futa gripu, pindua begi maji yamwagike, na uache vifuniko wazi hadi asubuhi.