Je, wajua kwa nini mbegu hugoma kuota, au huota kisha miche ikadhoofika, kwenye mchanga wa Lamu?

Kwa sababu mbili: chumvi na chokaa. Watu huzichanganya, kumbe ni maradhi mawili yenye dawa tofauti.

Chumvi huinyima mbegu maji. Maji huvutwa kule kuliko na chumvi nyingi, basi udongo ukiizidi mbegu kwa chumvi, mbegu itakaa ndani ya unyevu isiweze kuunywa. Chumvi huondoka kwa kuoshwa. Chokaa haiondoki. Ua wa nyumba ya zamani umejaa vifusi vya matumbawe na lipu, na mchanga wa ufuoni umejaa makombe yaliyosagika. Humo mbegu huweza kuota vizuri tu, halafu majani machanga yakageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani: madini ya chuma yamo, ila mizizi haiwezi kuyachukua. Kamulia ndimu juu ya mchanga mkavu. Ukitoa povu, achana nao, hata uuoshe mara kumi. (Na mchanga wa matuta ya Shela uacheni pale pale, ndio unaohifadhi maji matamu ya mji.)

Kwa hivyo ule mchanganyiko wa kuoteshea miche unaotumika bara, wa udongo wa msitu, samadi na mchanga, haufai kuigwa hapa kama ulivyo. Tulicho nacho tele ni makumbi ya nazi. Msokota kamba hutaka usumba, yaani zile nyuzi zake. Mwenye miche hutaka lile vumbi la kahawia linalodondoka makumbi yakipondwa. Vumbi hilo hushika maji kama sifongo na bado huacha nafasi ya hewa, na mbegu inayoota yahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Chukua makumbi makavu, yaponde kwa rungu, uchambue nyuzi ndefu, kisha chekecha kwa wavu wa matundu ya milimita 5. Usichukue yaliyofukiwa kwenye tope la pwani kwa ajili ya kamba: hayo yamelewa chumvi.

Hata vumbi la nazi ya shambani lina chumvi zake. Liloweke usiku kucha, kamua, mwaga, urudie mara tatu. Tumia maji ya mvua au ya jabia, lile birika la kuhifadhia maji. Ukiosha kwa maji ya kisima cha chumvi umejichosha bure. Rangi ya chai ya maji unayomwaga itapungua, lakini rangi siyo chumvi, kwa hivyo usiiamini. Panda mbegu 20 za sukumawiki kwenye vumbi hilo na nyingine 20 kwenye kitambaa kibichi. Baada ya siku 6 zikiwa zimeota karibu sawa, vumbi ni safi.

Sasa pima kwa kopo moja: vumbi makopo 4, mboji iliyochekechwa makopo 2, chenga za mkaa kopo 1. Chenga ziwe ndogo kama punje za mtama. Unga wa mkaa huziba hewa. Mboji ya samadi ya punda ni nzuri, na Lamu haiadimiki, lakini punda hasagi mbegu zote za majani anayokula. Lundo lisilopata joto la kutosha litakuoteshea magugu badala ya nyanya. Ligeuze kila wiki kwa miezi 3, hadi lipoe, liache kunuka, na usiweze tena kutambua unyasi. Machicha ya nazi usitie kabisa: huleta ukungu na sisimizi.

Lowesha mchanganyiko, ufumbate. Ukidondosha tone moja mawili na donge likavunjika kwa kuguswa na kidole, umefika. Maji yakichuruzika, ongeza vumbi kavu.

Jaza vikopo vilivyotobolewa chini, bila kushindilia. Nyanya na pilipili zifukie nusu sentimita. Weka vikopo kwenye sinia la maji dakika 20, kisha uvitoe. Maji ya kumwagia juu kila jioni ndiyo huleta kinyausi: shina hulainika usawa wa udongo na mche hulala kama uliofyekwa. Mche ulioanguka hauponi. Ung'oe pamoja na udongo wake, mingine ipunguzie maji na uiweke penye upepo.

Mbolea ya nini wakati huu? Mbegu imekuja na chakula chake. Majani mawili ya kweli yakishatoka, baada ya yale ya kwanza, ndipo umwagie maji ya mboji yaliyozimuliwa, mara moja kwa wiki.