Triptofani, kinga ya mwili na kichwa chako: maswali niliyoulizwa Moshi

Wiki iliyopita nilikuwa naongea na wagonjwa wa TB na ndugu zao hapa Moshi, nikataja triptofani, basi maswali yakamiminika. Nimeweka hapa yale yaliyorudiwarudiwa.

Kwani hiyo triptofani ndo nini?

Ni kipande cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, lazima ule. Ipo kwenye maziwa, mayai, dagaa, nyama, maharage, karanga. Mahindi yanayo ila kiduchu, ndo maana ugali na mchicha kila siku hautoshi lakini makande, yenye maharage ndani, yanakufaa. Kuna mbegu za mahindi zinaitwa Lishe, zilifanyiwa kazi pale kituo cha utafiti wa kilimo Seliani, Arusha, zina triptofani karibu mara mbili ya mahindi ya kawaida, mimi ningekuwa na shamba ningepanda hizo.

Si ndo inatengeneza serotonini, ile ya furaha?

Ndiyo, ila watu wanatia chumvi. Fikiria Njia Panda ya Himo, abiria karibu wote wanapanda gari la upande mmoja na wawili watatu tu ndo wanakwenda kwingine, triptofani nayo iko hivyo hivyo, kama asilimia 95 ya ile inayovunjwa inapita njia ya kainurenini, yaani kemikali inayotokana na triptofani ikivunjwa, na kidogo sana ndo inakuwa serotonini. Na hiyo serotonini yenyewe nyingi inatengenezwa tumboni, sio kichwani.

Sa kinga ya mwili inaingiaje hapo?

Hapa ndo patamu. Ukipata maambukizi, seli za kinga zinatoa interferoni gama, kemikali ya kupashana habari, nayo inawasha kimeng'enya kinaitwa IDO, ambacho Mjapani Osamu Hayaishi na wenzake walikigundua mwaka 1967. IDO inakata triptofani ili vijidudu vikose chakula. Ujanja mzuri, vijidudu kadhaa vinakwama kweli, lakini mdudu wa TB kawazidi, anajitengenezea triptofani yake mwenyewe! Yaani mwili unajinyima, mdudu anaendelea kula.

Na ubongo?

Kainurenini ikizidi kwenye damu inaingia mpaka kichwani, huko inageuzwa kuwa vitu viwili tofauti kabisa, kimoja kinapoza seli za neva na kingine, asidi ya kwinolini, kinazichochea kupita kiasi mpaka zinakufa. Mwaka 1983 Robert Schwarcz na wenzake walionyesha kwamba ukiichoma asidi hiyo kwenye ubongo wa panya, madhara yake yanafanana na ya Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo. Baadaye ikakutwa juu kwenye maji ya uti wa mgongo ya watu wenye VVU ambao akili zao zilianza kuyumba. Halafu kuna waliotibiwa homa ya ini C kwa sindano za interferoni, baadhi walipata sonona nzito wakati hawajawahi kuugua sonona maishani. Haimaanishi kila sonona inatokana na hii njia, hapana, ni mlango mmojawapo.

Kwa hiyo mume wangu na TB yake, kulala tu na kununa, sio uvivu?

Mama, sio uvivu. Kwa wagonjwa wa TB kainurenini inapanda na triptofani inashuka, na dawa zikifanya kazi vinaanza kurudi sawa. Ila akisema hataki kuishi hiyo usiisubirie dawa za TB, mpeleke hospitali.

Ninunue vidonge vya triptofani?

Usinunue. Mwaka 1989 kule Marekani vidonge vya triptofani vyenye uchafu wa kiwandani viliumiza watu zaidi ya 1,500 na zaidi ya 30 wakafa. Na ukichanganya na dawa za sonona serotonini inaweza kupanda mpaka ikawa hatari. Kula mayai.

Mazoezi je?

Kwa panya yamesaidia, watafiti wa chuo cha udaktari cha Karolinska kule Sweden mwaka 2014 waliona misuli iliyozoeshwa inageuza kainurenini kabla haijafika kichwani. Kutembea hakugharimu kitu.

Nyayo zinachomachoma tangu nianze dawa, ni hiyo triptofani?

Hapana, hapo muulize isoniazidi, mojawapo ya dawa zako za TB. Inashusha vitamini B6, na B6 hiyo hiyo ndo mwili unaihitaji kugeuza triptofani kuwa niasini (vitamini B3), ndo maana wengi mnapewa kidonge cha pairidoksini, yaani hiyo B6 yenyewe. Kama hukupewa au kiliisha mwambie nesi leo, usingoje siku ya kliniki, na dawa za TB usiache.