Tezi za uzazi za mtoto mwenye jinsi tata: kabla ya kukubali upasuaji

Swali: Tunaishi Arusha. Mtoto wetu amezaliwa na jinsi tata, yaani maumbile yake ya siri hayaonyeshi wazi kama ni wa kiume au wa kike, tumepewa rufaa kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, na tunasikia habari za upasuaji wa matundu madogo. Hufanyikaje?

Jibu: Mtoto hupewa dawa ya usingizi, tumbo likajazwa gesi ya kaboni dioksaidi ili kupata nafasi, kisha kamera nyembamba hupitishwa kitovuni na vifaa vingine kwenye matundu ya milimita chache. Kwa njia hiyo daktari huona kama ndani kuna ovari, korodani ambayo haikushuka, tezi ambayo haikukua sawasawa au mfuko wa uzazi, na huweza kukata kinyama kidogo kikapimwe maabara.

Swali: Je, ni lazima tezi za uzazi, yaani ovari au korodani, ziondolewe?

Jibu: Si lazima, na hapa ninawasihi wazazi wasiharakishe. Tezi ambazo hazikukua sawasawa, kwa mtoto mwenye kromosomu Y (ile ya kiume), hasa zikiwa tumboni, zina hatari kubwa ya saratani, ndiyo maana mara nyingi huondolewa mapema. Kwa mtoto ambaye mwili wake hauitikii kabisa homoni za kiume, hatari hiyo ni ndogo kabla ya balehe, nazo korodani zake humwezesha kuota matiti bila dawa; kwa hiyo wataalamu wengi hushauri zisubiri. Msichana ambaye maumbile yake yamebadilishwa na hitilafu ya tezi zilizo juu ya figo ana ovari za kawaida, wala hakuna sababu ya kuzitoa. Anachohitaji haraka ni dawa, kwa sababu upungufu wa chumvi unaweza kumuua katika wiki za mwanzo.

Swali: Kovu likiwa dogo, je, hasara nayo ni ndogo?

Jibu: Hapana. Tezi zote mbili zikitolewa hazirudi, na mtoto atategemea homoni za dawa tangu umri wa balehe kwa miaka mingi, pamoja na gharama na safari za kliniki. Makubaliano ya wataalamu waliokutana Chicago mwaka 2005 yanataka uamuzi utolewe na timu ya madaktari wa watoto, wa homoni, wa upasuaji na wa saikolojia, wakishirikiana na wazazi. Waulizeni: tezi hii ni ya aina gani, maabara inasemaje, na kuna hatari gani tukisubiri hadi mtoto aweze kujisemea?

Swali: Akishapasuliwa tuangalie nini?

Jibu: Homa, tumbo kuvimba, kutapika mfululizo au usaha kwenye tundu. Mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo.